Siku kumi na mbili za Kris Bryant: uchambuzi wa kisa kutoka viti vya Des Moines

Kisa hiki kinahusu siku 12 za Aprili 2015, ambazo klabu ya ligi kuu ya Chicago Cubs ilimchelewesha chipukizi wake Kris Bryant kuingia kikosini, na namna mashabiki wanne wa besiboli walivyozipima, kwanza zilipokuwa zinapita, kisha miaka ilipokwisha kusogea. Majina ya mashabiki nimeyaondoa pamoja na kila kinachoweza kuwatambulisha, na baadhi ya mambo madogo ya nyumbani kwao nimeyabadilisha. Majina ya wachezaji na klabu nimeyaacha kwa sababu habari zao zimo kwenye kumbukumbu za umma. Mmoja wa hao wanne ni mimi, na msimamo wangu wa wakati ule ndio uliokosea zaidi.

Usuli

Des Moines ni mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani. Ukienda huko utasikia Kiswahili sokoni, kanisani na kwenye vituo vya basi, kwa kuwa mji umepokea Warundi na Wakongo wengi, na si haba kati yao waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania. Pale mto Raccoon unapoingia mto Des Moines pana uwanja uitwao Principal Park. Ukikaa nyuma ya mpigaji unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo likimeta nyuma ya uzio. Hapo ndipo nyumbani kwa Iowa Cubs.

Iowa Cubs ni timu ya daraja la Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Tangu 1981 imekuwa chini ya Chicago Cubs. Kwa aliyelelewa na soka, jambo hili huchukua muda kulielewa: timu ya ligi ndogo ina jezi yake, mashabiki wake na msimamo wake wa ligi, lakini wachezaji si wake. Wanalipwa na klabu ya ligi kuu, na klabu hiyo ndiyo inayoamua nani acheze, nani apumzike, nani apande usiku huu kwenda Chicago. Unaweza kumshangilia kijana hadi sauti ikauke, kesho ukakuta ameondoka, na timu yako haikupata hata senti ya uhamisho.

Sisi wanne tulikuwa tunakaa safu moja. Mzee alifundishwa mchezo na wajukuu zake na akaushika kuliko wao. Mhasibu, mama wa makamo, anashughulika na hesabu za watu kazini na hawezi kuziacha hata uwanjani. Kijana alikulia Iowa na aliucheza mchezo shuleni. Wa nne ni mimi.

Mwaka 2014 tulipata bahati. Kris Bryant, aliyechaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa chipukizi wa 2013 akiwa anatoka Chuo Kikuu cha San Diego, alipandishwa kutoka Tennessee, timu ya Cubs ya daraja la Double-A, ngazi moja chini yetu, hadi Iowa katikati ya msimu. Tennessee alikuwa amepiga mipira 22 ya kuvuka uzio. Kwetu akaongeza 21. Jumla 43 kwa mwaka mmoja! Mpira ukitoka kwenye gongo lake ulikuwa na sauti ya peke yake, na watu walikuwa wanaacha foleni ya vinywaji na kurudi vitini zamu yake ilipokaribia.

Bila kuijua kanuni moja ya kazi, yaliyofuata hayaeleweki. Mchezaji wa ligi kuu huwa huru kuchagua klabu baada ya kutumikia miaka 6 kamili, na mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu. Msimu wa 2015 ulikuwa na siku 183, tangu Aprili 5 hadi Oktoba 4. Klabu ikimchelewesha chipukizi siku 12, atamaliza msimu akiwa na siku 171. Ameukosa mwaka kwa siku moja, na klabu imejipatia msimu mmoja zaidi wa kumshikilia mwishoni mwa miaka yake.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Machi 2015, kwenye mechi za maandalizi huko Arizona, Bryant alipiga mipira 9 ya kuvuka uzio kwa wastani wa kupiga wa .425. Hakuna mchezaji aliyemfikia kwa idadi hiyo. Machi 30 klabu ikamrudisha Iowa. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa ulinzi: bado alihitaji kazi kwenye beisi ya tatu, nafasi aliyokuwa akiilinda.

Jioni ile tulikuwa sebuleni kwa Mhasibu. Alichukua kalenda iliyoning'inia jikoni, akahesabu kwa kalamu, akasema, "Atapanda tarehe 17. Tarehe 16 bado ingempa siku 172." Kijana akamwambia, "Mama, wewe unawaza vibaya." Mhasibu akasema tuandike, tusije tukabadilisha maneno baadaye. Kila mmoja akaandika sentensi yake kwenye karatasi moja, naye akaihifadhi.

Aprili 5 Chicago ikafungua msimu nyumbani Wrigley Field dhidi ya St. Louis bila Bryant, ikafungwa 3–0. Siku chache baadaye Mike Olt, aliyekuwa akicheza beisi ya tatu, aliumizwa kifundo cha mkono na mpira uliorushwa. Aprili 17, Bryant akaitwa. Siku hiyo hiyo akacheza dhidi ya San Diego Padres: zamu nne bila mpigo hata mmoja, mara tatu akatolewa kwa straiki. Mpigo wake wa kwanza aliupata siku iliyofuata, na mpira wake wa kwanza wa kuvuka uzio ukasubiri hadi Mei 9 huko Milwaukee. Mechi alizozikosa ni 8.

Uamuzi wa kila mmoja na sababu zake

Klabu haikuficha kwamba inajenga kwa subira. Theo Epstein, mkuu wa shughuli za besiboli wa Cubs, aliingia mwishoni mwa 2011, na msimu uliofuata Cubs walipoteza mechi 101. Walikubali kupoteza ili wachague chipukizi wa juu kila mwaka: Albert Almora 2012, Bryant 2013, Kyle Schwarber 2014. Aliyejenga hivyo anahesabu miaka. Kwa mtazamo huo, kubadilisha mechi 8 za Aprili na msimu mzima wa baadaye ni uamuzi ambao karibu kila klabu ingeufanya, na nyingi zilikuwa zikiufanya. Kanuni ilimruhusu Epstein, na kwa kweli ilimshawishi.

Upande wa mchezaji, mwaka wa uhuru si jambo dogo. Bryant hakuwa maskini, kwani aliposajiliwa alipewa dola milioni 6.7. Lakini mshahara wa chini wa ligi kuu mwaka ule ulikuwa dola 507,500, na mchezaji wa mwaka wa kwanza hana uwezo wa kujadiliana. Nguvu yake yote iko mbele, pale saa ya uhuru inapofika. Desemba 2015 chama cha wachezaji kikafungua malalamiko rasmi kwa niaba yake.

Na sisi? Karatasi ilisomeka hivi.

Mimi: "Klabu imefanya sawa. Mechi 8 kwa mwaka mzima, sisi mashabiki ndio tutakaofaidi."

Kijana: "Hizo mechi 8 zitatugharimu nafasi kwenye msimamo."

Mhasibu: "Atapanda tarehe 17, na wakishtakiwa klabu itashinda, maana hakuna kipimo kilichoandikwa cha nani yuko tayari."

Mzee: "Mtoto akishafaulu humrudishi darasani ukamwambia hajui kusoma. Siku moja watatengana kwa sababu ya hili."

Matokeo

Bryant alimaliza 2015 akiwa na mipira 26 ya kuvuka uzio na kuleta mikimbio 99. Kura zote za Mchezaji Bora Chipukizi wa ligi yake zilikuwa zake. Mwaka uliofuata akawa Mchezaji Bora wa ligi akiwa na mipira 39, na Cubs wakashinda mechi 103. Mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Cleveland ulipovuka usiku wa manane, mpira wa mwisho wa msimu ulimjia yeye pale beisi ya tatu. Mguu ukateleza kwenye nyasi zilizolowa, akarusha huku anacheka, mwenzake Anthony Rizzo wa beisi ya kwanza akaudaka. Ubingwa wa kwanza tangu 1908. Mzee alilia. Sote tulilia, na simu za kutoka Chicago, Nashville na Louisville zilikuwa hazikatiki.

Malalamiko yalikaa miaka. Uamuzi ulitoka Januari 2020: msuluhishi, Mark Irvin, aliipa ushindi klabu. Bryant akabaki kwenye himaya ya Cubs hadi mwisho wa msimu wa 2021, badala ya 2020.

Hakufika huo mwisho akiwa Chicago. Julai 30, 2021, klabu ilimpeleka San Francisco Giants na kupokea chipukizi wawili, Alexander Canario na Caleb Kilian. Rizzo alikuwa ameondoka siku moja kabla, na nyota mwingine wa Cubs, Javier Báez, akaondoka siku ile ile. Msimu ule Cubs walipoteza mechi 91. Machi 2022 Bryant alisaini na Colorado Rockies kwa miaka 7, dola milioni 182.

Uchambuzi

*Sentensi yangu*

Nianze na sentensi yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikisemwa na mashabiki wengi, na kosa lake linajirudia kila mwaka chipukizi mpya anapocheleweshwa.

Nilihesabu "mwaka mzima" kama kwamba miaka yote ina thamani sawa. Mwaka niliokuwa naununua ulikuwa wa 2021. Katika mwaka huo Bryant alicheza mechi 93 tu akiwa na Cubs, katika timu iliyokuwa inavunjwa. Klabu ilimlipa dola milioni 19.5 kwa msimu ule, sehemu ya mwisho ikiangukia Giants. Mwaka huo wa nyongeza haukuwa bure, wala haukuwa wa bei ya chipukizi.

Hapo pia nilikuwa nimejichanganya juu ya kanuni. Nilidhani siku 12 zile ziliipa klabu mwaka mmoja zaidi wa mshahara mdogo. Sivyo. Mchezaji hupata haki ya kupeleka mshahara wake kwa wasuluhishi baada ya miaka 3, lakini kundi dogo la wenye siku nyingi zaidi kati ya mwaka wa 2 na wa 3 huruhusiwa mapema. Bryant, akiwa na miaka 2 na siku 171, hakuwa na wa kumzuia kwenye kundi hilo. Mshahara wake wa 2018 ulipanda hadi dola milioni 10.85, rekodi ya wakati ule kwa mchezaji anayeingia mara ya kwanza. Kwa hiyo hadi 2020 klabu ililipa takriban kile ambacho ingelipa hata kama angeanza Aprili 5. Tofauti yote imekaa kwenye mwaka mmoja wa mwisho, ule ambao waliugawa nusu na kuuza.

Mechi 8 za timu inayopanda zilibadilishwa na mechi 93 za timu inayoshuka, pamoja na chipukizi wawili ambao hakuna aliyejikita kwenye kikosi cha Chicago. Mnamo 2015 hakuna aliyeweza kujua hayo yote, na simlaumu Epstein kwa kutoyajua. Najilaumu mimi niliyesema "sisi ndio tutakaofaidi" kwa uhakika ule. Mwaka wa sita mbele ni ahadi, na mimi niliupima kama fedha taslimu.

*Sentensi ya Kijana*

Tulimcheka mwishoni mwa 2015, na hatukustahili. Angalia msimamo: St. Louis ushindi 100, Pittsburgh 98, Chicago 97. Pengo kati ya Pittsburgh na Chicago ni mechi moja. Kwa mechi hiyo moja, mchezo wa mtoano wa Oktoba 7 ulichezwa Pittsburgh, mbele ya watu wao waliovaa nyeusi uwanja mzima. Jake Arrieta, mrushaji wa Cubs, akarusha mchezo wote mwenyewe na Cubs wakashinda 4–0, tukasema Kijana alikosea.

Hakukosea. Hatari aliyoitaja ilikuwepo na ilifika hadi mlangoni. Arrieta ndiye aliyeifukuza. Angeteleza usiku ule, siku 12 zile zingekuwa gumzo la Chicago hadi leo.

*Sentensi ya Mhasibu*

Yeye alipata karibu kila kitu, na sababu ni kwamba alisoma kanuni bila kuiwekea hisia. Msuluhishi hakuulizwa kama kijana alikuwa tayari. Swali lilikuwa kama klabu ilikiuka mkataba. Klabu ilikuwa na neno "ulinzi", na ikawa na jeraha la Olt lililofungua nafasi kweli. Neno "ulinzi" haliwezi kukanushwa, kwa kuwa hakuna mchezaji wa miaka 23 asiyehitaji kazi kwenye ulinzi wake.

Hapa ndipo kisa kinaponiuma kama mtu wa Des Moines. Sisi tunalipia tiketi tukiamini kwamba anayeshuka kwetu anashuka kujifunza, na anayepanda anapanda kwa kuwa amefuzu. Imani hiyo ndiyo inayoifanya ligi ndogo iwe mchezo wenye maana. Aprili ile Triple-A ilitumika kama ghala: mzigo umewekwa, siku zinahesabiwa, mzigo unachukuliwa. Naipenda klabu hii na nitaendelea kuipenda, lakini jambo hilo lilikuwa baya hata kama lilikuwa halali, na ningetamani ningelisema mwaka ule ule.

*Sentensi ya Mzee*

Utabiri wake haukutimia jinsi alivyouandika. Bryant hakuondoka kwa kinyongo. Aliuzwa. Tena historia ilimgeukia kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga: angekuwa huru mwishoni mwa 2020, angeingia sokoni akitoka kwenye msimu wake mbaya kuliko yote hadi wakati huo, wastani wa .206 katika mechi 34, na klabu zikiwa zimekaa mwaka mzima bila mapato ya milangoni kwa ajili ya korona. Mwaka alionyimwa ndio uliompa nafasi ya kurudi kwenye kikosi cha nyota mnamo 2021 na kupata zile milioni 182. Wapo wanaolitumia hilo kuihalalisha klabu. Sikubaliani nao. Aliyekuchelewesha kituoni hapati shukrani kwa kuwa basi ulilolikosa lilipinduka.

Lakini Mzee alisema jambo jingine jioni ile ambalo halikuandikwa, na kwangu ndilo zito zaidi. Aliuliza, "Na huyu anayecheza beisi ya tatu hapa kwetu, wakati Bryant hayupo, nani anamhesabia siku zake?"

Hatukuwa na jibu. Mabishano ya nchi nzima yalikuwa juu ya mwaka wa uhuru wa kijana mmoja mwenye mamilioni, ilhali wenzake kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo walikuwa wanaishi wanne kwenye nyumba moja. Hata 2022 mchezaji wa Triple-A alikuwa akilipwa takriban dola 17,500 kwa mwaka, wa Double-A 13,800, na wa ngazi ya chini kabisa nchini Marekani 4,800. Mabadiliko yalikuja pale wachezaji wa ligi ndogo walipojiunga na chama Septemba 2022 na kupata mkataba wao wa kwanza Machi 2023: Triple-A dola 35,800, Double-A 30,250, ngazi ya chini 19,800.

*Kanuni baada ya kisa*

Mkataba wa ligi kuu wa Machi 2022 uligusa mwanya wa siku 171 moja kwa moja. Chipukizi anayemaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za Mchezaji Bora Chipukizi anahesabiwa mwaka mzima, hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Na klabu inayomwanzisha chipukizi wa juu tangu mwanzo wa msimu inaweza kupewa nafasi ya ziada kwenye uteuzi iwapo atashinda tuzo hiyo. Mwaka huo huo Adley Rutschman wa Baltimore, aliyeitwa Mei 21, alimaliza wa pili na kupata mwaka wake kamili. Seattle walimwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza, akashinda, nao wakapata nafasi yao.

Chini ya kanuni hii Bryant angehesabiwa siku 172 na hesabu ya kalenda ya jikoni isingekuwa na maana. Kanuni nzuri, ila inawafikia wawili kwa kila ligi. Chipukizi wa tatu kwenye kura bado anaweza kuachwa Iowa hadi siku ipite.

Karatasi bado iko kwa Mhasibu, ndani ya daftari la mapishi. Tulipokutana baada ya msimu wa 2021 aliitoa, akaandika "93" pembeni ya sentensi yangu kwa kalamu nyekundu, akairudisha bila kusema neno. Mzee naye ana desturi yake mpya. Kila akifika Principal Park, kabla hajakaa, anamwomba mjukuu wake amsomee jina la anayecheza beisi ya tatu na mahali alikozaliwa, na mchezaji huyo anapokwenda kupiga kwa mara ya kwanza, Mzee husimama.